Nimelipa Buku Kutazama Giza

Nasema hivi: mtu aliyelipa buku yake ana haki ya kuona refa.

Jana nimetoka banda umiza hapa Kirumba shingo imekakamaa, na mpaka sasa sijui goli la pili kafunga nani. Waliokaa katikati wanajua. Tena wanajua hadi rangi ya viatu vyake.

Tatizo ni hizi TV flati. Ile ya chogo ungekaa popote, hata mlangoni na kuku, picha ni ileile, maana kioo chenyewe ndicho kilichokuwa kinawaka. Kazi ilikuwa kuibeba tu. Sasa mwenye banda kaning'iniza flati yake juu kabisa karibu na bati, wezi wasiifikie, halafu benchi la mbele kaliweka chini yake. Hapo ndipo nilipopangiwa. Jezi za njano zikawa matope, za kijani zikazama, na mtangazaji mapumziko alikuwa kama negativu ya picha ya pasipoti.

"Mwanangu," nikamwita mwenye banda, kwa sauti ya mzee wa kanisa, "TV yako inaumwa."

"Haiumwi, mzee wangu. Njoo hapa uone."

Nikaenda pale kwenye swichi. Kweli bwana, nyasi kijani, jezi njano, hata jasho linaonekana.

"Umeona? Nzima kabisa."

"Basi nikae hapa."

"Hapa nakaa mimi, mzee."

Kijana mmoja fundi, ana kibanda chake Makoroboi, akaamua kunisomesha huku mpira unaendelea. Eti hii ni TN, aina ya kioo cha flati. Nyuma kuna taa, mbele kuna fuwele zinazojipinda ili kupitisha mwanga au kuuzuia, na zimepangwa kwa ajili ya mtu anayeitazama usoni. Ukiitazama kwa chini inaingia giza, kwa juu inapauka. Angenunua ya IPS, aina nyingine ya kioo, hata mimi wa chini ningeona rangi.

"Hiyo imetoka lini?"

"Hitachi waliitoa 1996, mzee."

Tangu 1996 dawa ipo! Mimi nimekaa gizani!

Boksi lenyewe bado lipo, watoto wanalikalia. Limeandikwa kwamba picha inaonekana ndani ya upana wa nyuzi 170 kwa ubavu na 160 kwa wima. Nikamsomea mwenye banda kwa sauti, kama hakimu. Fundi akadakia: hizo wanapima mpaka pale nyeupe inapobaki kuizidi nyeusi mara 10 tu, wakati ukikaa mbele inaizidi hata mara 1,000. Kwa hiyo mimi kwenye hesabu za kiwanda ninaona vizuri tu! Nani aliyekuja kunipima?

"Nirudishie jero."

"Mzee, mpira si ni uleule?"

"Mpira gani? Nimeuona wapi?"

Kuona nimechachamaa, akapanda kwenye kreti la soda, akachomeka ndala nyuma ya TV ili iiname. Ikainama. Nikaona miguu, nikaona mpira, nikaona mpaka chaki. Hapo hapo wa nyuma wakalipuka: kwao kumepauka, nani kagusa, toa ndala! Ndala ikatolewa. Wakati inatolewa, goli. Watu wamerukiana, mimi nimekumbatiwa na mtu simjui, nauliza nani kafunga, ananijibu "Twende!"

Sikusubiri dakika za nyongeza. Umeme nao ulikatika nikiwa mlangoni, wakataka wote warudishiwe hela, mimi nikiwa nimeshatoka.

Nikapitia mwaloni kuchukua dagaa, sado imepanda tena na mchanga ni uleule. Bodaboda wa kunipandisha Mabatini akaniangalia juu mpaka chini. Huko juu mawe, anasema, niongeze mia tano. Nikamwambia jana ilikuwa bei nyingine. Akauliza:

"Kwani mzee una kilo ngapi?"