Fowili au matairi? Kuchagua sedani ya kuendesha kwenye theluji

Mtu akitangaza kwamba anatafuta sedani ya ukubwa wa kati na kwamba ataiendesha kwenye theluji, swali la kwanza analoulizwa ni kama gari ni fowili, yaani linasukumwa na magurudumu yote manne. Akisema hapana, anatikisiwa kichwa na kuonywa. La pili huwa giaboksi: ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, au gia za kawaida? Hapo mabishano yanaweza kwenda mpaka usiku. Matairi yakitajwa, yanatajwa mwishoni kabisa, kama kitu cha kushughulikia baadaye pesa ikibaki.

Naona tumepanga maswali haya kinyumenyume. Hata hivyo wanaotetea fowili wana hoja zao, na giaboksi nalo lina uzito wake, kwa hiyo nitayapima yote kabla ya kufika kwenye matairi.

Magari yenyewe siku hizi yanafanana kuliko matangazo yanavyotaka tuamini. Chukua yanayouzwa Amerika Kaskazini, ambako sedani za daraja hili zina mashabiki wengi: Toyota Camry, Honda Accord, Hyundai Sonata, Kia K5, Nissan Altima. Karibu zote zina breki zinazojifunga zenyewe kwenye dharura, kamera ya nyuma, mfumo wa kufuata mwendo wa gari lililo mbele, na ukiongeza pesa kidogo, viti vya kupasha joto. Zina urefu unaokaribia mita 5 na buti linalomeza mizigo ya familia. Tofauti ya maana iko chini ya boneti.

Camry iliyoingia sokoni kama modeli ya 2025 ni haibridi tu. Ina injini ya lita 2.5 inayosaidiwa na umeme, nguvu za farasi 225 ikiendeshwa kwa magurudumu ya mbele na 232 ikiwa fowili. Accord ya tangu 2023 inakupa njia mbili, ama injini ya lita 1.5 yenye tabochaja, farasi 192 na CVT, ama haibridi yenye farasi 204. Zote mbili ni za kuvutwa na magurudumu ya mbele, fowili hakuna. Sonata ya lita 2.5 ina gia 8 za otomatiki ya kawaida, na tangu modeli ya 2024 unaweza kuiagiza ikiwa fowili. K5 ya GT ina farasi 290 na giaboksi la klachi mbili, nguvu yote hiyo ikipelekwa mbele.

Sasa giaboksi. CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na mkanda au mnyororo wa chuma unaopita katikati yake. Wazo hilo si geni, kwani DAF ya Uholanzi ilikuwa ikiuza magari madogo yenye mfumo wa namna hiyo, ukitumia mikanda ya mpira, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwenye barabara inayoteleza CVT ina sifa moja ambayo wapinzani wake hawaitaji: haina mshtuko wa kubadili gia. Nguvu inafika kwenye tairi kama maji yanayomiminwa taratibu, na tairi lililo juu ya barafu linapenda hivyo hasa. Ubaya wake ni kwamba inachukia joto na uzembe. Oili yake ikichoka, mkanda unaanza kuteleza kwenye puli na gari linatetemeka ukiondoka kwenye taa. Nissan iliwahi kuongeza dhamana ya CVT zake huko Marekani, kwa modeli za 2003 hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo bila sababu. Akikwambia mtu kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, muulize ni maisha ya nani, ya gari au ya dhamana.

Otomatiki ya kawaida kama ile ya Sonata ni ya kuaminika zaidi machoni pangu kwa mtu anayetaka kukaa na gari muda mrefu. Mafundi wanaifahamu, na mengi ya magari haya yana kitufe cha theluji kinachopunguza makali ya pedali ya mafuta au kulifanya gari liondoke na gia ya pili, ili magurudumu yasizunguke bure. La klachi mbili linabadili gia haraka sana barabara ikiwa wazi, lakini kwenye foleni ya kutambaa, au unapojaribu kutoka kwenye uji wa theluji sentimita chache kwa wakati, linaweza kushikashika. Na ukiwa na farasi 290 mbele, mguu wa kulia unahitaji adabu.

Haibridi ndizo zinazowachanganya watu wengi. Kwenye karatasi ya Camry utaona neno CVT, lakini ndani hakuna mkanda wala puli za kupanuka. Kuna meno ya gia yanayozungukana kama sayari na mota za umeme, mpango ambao Toyota imeutumia tangu Prius ya kwanza mwaka 1997. Ile ya Honda nayo, kwa mwendo wa mjini, husukumwa na mota ya umeme, kisha injini huungwa moja kwa moja na magurudumu kwa klachi ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Anayekimbia haibridi kwa sababu alisikia CVT huharibika amekimbia kitu kingine kabisa.

Ukinibana nitasema hivi: giaboksi ni swali la utakaa na gari miaka mingapi na utalitunza vipi. Kwa theluji yenyewe, kila moja kati ya hizi linatosha mradi dereva aondoke pole pole.

Fowili ni suala zito zaidi. Faida yake ni ya kweli. Gari la magurudumu ya mbele likisimama kwenye mlima wenye theluji iliyokanyagwa, tairi moja linaweza kuanza kuzunguka na safari ikaishia hapo. Fowili inagawa kazi kwa magurudumu manne na gari linapanda. Camry inafanya hivyo bila hata shafti ya kwenda nyuma, kwa sababu ekseli ya nyuma ina mota yake ya umeme. Kwa anayeishi juu ya mlima mkali na kutoka alfajiri kabla magari ya kukwangua theluji hayajapita, sitamshauri aache.

Lakini fowili inakusaidia kuondoka tu. Haikusaidii kusimama, kwa sababu kila gari, fowili au la, lina breki kwenye magurudumu manne. Hilo nililielewa kwa mwili wangu. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenunua sedani ya fowili, akiisifu tangu siku ya kwanza. Asubuhi moja tulikuwa tunateremka kuelekea makutano ya barabara, theluji changa imefunika lami, mwendo wetu wa kawaida tu. Akakanyaga breki mapema kabisa. Nilisikia pedali ikigonga tata-tata-tata chini ya mguu wake, taa ya njano ya gari linaloteleza ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaendelea kwenda. Tulipita mstari wa kusimama kwa utulivu wa kutisha, tukasimama katikati ya makutano. Mungu alisaidia, hakukuwa na mtu anayekuja. Tuliposogea pembeni nilishuka nikabonyeza tairi kwa kidole gumba. Kashata, yaani matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa nzuri, bado za kina, lakini mpira ulikuwa mgumu kama sahani ya plastiki. Yalikuwa matairi ya misimu yote yaliyokuja na gari. Wiki iliyofuata alifunga manne ya majira ya baridi, na kwenye mteremko uleule, theluji ikiwa nene zaidi, tulisimama kabla ya mstari. Gari ni lilelile, na dereva ni yuleyule.

Sababu haina uchawi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, hata kama hakuna theluji. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mchanganyiko wenye silika nyingi unaobaki laini, na kashata zake zimechanjwa mamia ya mikato myembamba, kama chale za wembe. Gari likipita, chale hizo zinafunguka na kuuma barabara. Mifereji yake nayo hushika theluji, na theluji hushikana na theluji nyingine vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Hesabu ya shule inaonyesha uzito wa jambo hili. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, kipimo cha mshiko wa barabara kikiwa 0.2 (namba ikiwa ndogo, utelezi ni mkubwa), linahitaji mita 49 hivi za breki ili lisimame. Mshiko huo ukipanda hadi 0.3 tu, zinatosha mita 33. Tofauti ni mita 16, urefu wa sedani tatu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hakuna giaboksi linaloweza kukupa mita hizo. Hata mfumo wa kudhibiti kuteleza, ambao ni lazima kwenye magari mapya ya Marekani tangu modeli za 2012, unagawa tu mshiko uliopo, hauwezi kuuzalisha.

Wanaopinga kununua seti ya pili nao nawaelewa. Ni gharama ya kweli, tena kubwa, pamoja na mahali pa kuyahifadhi na kwenda kwa fundi mara mbili kwa mwaka. Na tairi la baridi likikaa kwenye lami yenye joto hulika haraka na kuchelewesha breki, kwa hiyo anayeishi mahali ambapo theluji huonekana siku chache tu anaweza kujikuta anaendesha tairi lisilofaa kwa sehemu kubwa ya msimu. Kwake yeye tairi la kila hali ya hewa, lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ni suluhisho la heshima. Alama hiyo ilianza kutumika 1999 na hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji. Herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu umbo la kashata, na Ujerumani haizikubali tena kama ushahidi wa tairi la baridi tangu Oktoba 1, 2024. Quebec, jimbo la Kanada, wamekwenda mbali zaidi: kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 matairi ya baridi ni lazima, theluji iwepo isiwepo.

Hoja ya gharama ina upande wa pili pia. Seti moja ikifanya kazi, nyingine imepumzika, kwa hiyo kashata za zote mbili zinadumu zaidi. Si akiba kamili, maana mpira huzeeka hata stoo, lakini pesa haijapotea yote.

Kuna matairi ya misumari pia. Kwenye barafu tupu hayana mpinzani, na nchi za Nordiki wanayatumia sana. Ila yanakwangua lami na kupiga kelele, na Japani iliyazuia kwa sheria ya 1990 kwa sababu ya vumbi la barabara lililokuwa likijaa mijini. Wakati huo Bridgestone ilikuwa tayari imetoa Blizzak, tairi la barafu lisilo na misumari, mwaka 1988. Kwa wanaoendesha mjini, la aina hiyo linatosha.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji wakikuonyesha matoleo ya juu ni ringi. Camry ya toleo la chini, LE, inakuja na ringi za inchi 16, ya toleo la juu, XSE, ina za 19. Za 19 zinapendeza, sikatai. Lakini tairi la baridi la inchi 19 ni ghali zaidi, lina ubavu mwembamba, na shimo lililofichwa na theluji linaweza kupasua tairi na kupinda ringi kwa pigo moja. Tairi jembamba lenye ubavu mnene pia hukata uji wa theluji vizuri kuliko pana linaloelea juu yake. Kwa hiyo mara nyingi inafaa kushuka inchi moja au mbili wakati wa baridi, mradi ringi ipite juu ya breki. Na yafungwe manne. Ukiweka mawili tu mbele, nyuma inabaki haina mshiko, na kwenye kona mkia wa gari ndio unaotangulia.

Kama pesa haitoshi vyote, mimi ningechukua Accord au Sonata ya magurudumu ya mbele, toleo la kati, na tofauti ya bei ya fowili niimalizie kwenye matairi manne ya baridi yaliyofungwa kwenye ringi zake yenyewe. Upepo wa matairi ningeupima kila baridi inapozidi, kwa sababu hushuka karibu psi 1 (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Nikienda kulijaribu gari, kabla ya kufungua mlango ningechuchumaa kusoma ubavu wa tairi: kama kuna mlima wenye chembe ya theluji, na tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda. Zikiwa 3623, tairi lilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2023.