Mzungu Asiyechangia Umeme

Masika ikishakolea Moshi, mlima unajifunika mawingu na sisi wapagazi tunabaki na njaa. Aprili na Mei watalii ni wa kuokoteza, na mpagazi asiyepanda hana kazi zaidi ya kukaa kijiweni Majengo akibishana kuhusu mpira. Mwaka ule nikasema kijiweni siendi. Nitajifunza Kiingereza, chumbani kwangu, bila mwalimu na bila ada.

Nieleze kwanza kilichonisukuma, maana watu wakisikia kisa hiki hudhani nilikuwa nataka kwenda Ulaya. Wala. Nilichotaka ni kuacha kubeba. Mpagazi wa Kilimanjaro anabebeshwa mzigo wa hadi kilo 20, na kibegi chake mwenyewe juu yake. Mwongozaji anabeba maji yake na maneno. Jioni kambini wewe umeshasimamisha mahema, umeshachota maji, umejikunyata kwenye hema la jikoni ukisubiri ugali, na yeye yuko hema la pili anakunywa chai ya tangawizi na wageni, wanacheka. Wanacheka nini? Hujui. Hapo ndipo panapouma. Na siku ya kushuka, getini, bakshishi ya mwenye maneno na bakshishi ya mwenye shingo hazikutani hata njiani.

Watu wa Marangu hupenda kumtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889, safari ile iliyofika kileleni. Yule mzee hakuulizwa na mtu kama anajua Kiingereza. Bahati yake. Siku hizi bila leseni huongozi hata mbuzi, na mteja mwenyewe hajui Kichaga.

Kuna atakayeuliza: kwani shule hukwenda? Nilikwenda, mpaka kidato cha nne. Miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja unaingia kidato cha kwanza unakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zimehamia kwenye Kiingereza bila kuaga. Ukutani kumepakwa rangi, "Speak English", herufi kubwa. Chini ya ukuta huohuo mwalimu anafundisha kwa Kiswahili ili tuelewe, kisha tunakariri kwa Kiingereza ili tufaulu. Mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia maana ya usanisinuru kwa Kiingereza bila kuruka nukta. Kuomba chumvi ndiyo siwezi.

Mbinu nilipewa mlimani, na mteja. Mama mmoja mtu mzima, Mwingereza, mwalimu wa lugha aliyestaafu. Tulikuwa tumefika kambi ya Karanga, akaniuliza jambo, nikamjibu "yes". Akauliza tena, nikamjibu "yes" yenye tabasamu. Akamwita mwongozaji. Kumbe alikuwa anauliza kama begi lake la dawa limebaki kambi ya Barranco au liko kwangu. Hakukasirika. Alinishika bega na kunieleza, mwongozaji akitafsiri: tafuta mazungumzo yaliyorekodiwa, vaa spika za masikioni, na kila wanachosema nawe useme papo hapo, usingoje wamalize. Kwa sauti. Akisema mwanamume mfuate, akisema mwanamke mfuate, akikohoa kohoa. Na uwe unatembea. Kusoma kimyakimya, alisema, kunaelimisha macho tu, mdomo unabaki palepale.

Hilo la kutembea kwetu haliwezekani. Juu ya mita 4,000, na kilo 20 kichwani, hewa haitoshi hata kwa Kiswahili. Ndiyo maana nikangoja masika, nifanyie nyumbani.

Nilianza na matangazo ya Sauti ya Amerika yale ya wanaojifunza, yaliyoanza mwaka 1959, yaliyokuwa yakisomwa taratibu kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Mazuri, ila yule msomaji anakwenda kama mteja anayepanda kutoka kambi ya Barafu usiku wa kilele. Mpaka amalize sentensi umeshasahau ilianzia wapi. Kijana mmoja wa karibu na stendi, anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, akanitafutia kitu chenye kasi: masomo ya mazungumzo. Mume na mke wako safarini. Hotelini, kwa daktari, stesheni ya treni, polisi. Na yule mke alikuwa na nuksi, maana kila somo lazima apotelewe na kitu.

Sasa nyumba niliyopanga. Vyumba sita, korido katikati, bati juu na dari hakuna. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, cha sita wanakujibu pole. Mama mwenye nyumba alikuwa na sheria mbili ambazo hata askofu asingezipindisha: mgeni wa kike mwisho saa mbili usiku, na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, tunachanga kwa vichwa, kila kichwa elfu mbili.

Kila usiku nikajifungia, spika masikioni, nikawa naenda na kurudi kati ya kitanda na mlango. Mume nilimtolea sauti ya kifuani. Mke nikamtolea puani, nyembamba, na kwa kuwa mwalimu alisema fuata kila kitu, nilifuata mpaka kicheko chake. Mwanzoni ulimi uligoma. Kuna usiku nilivua spika nikalala na viatu, nikijiambia kilo 20 si nzito kihivyo. Asubuhi namwona mwongozaji mmoja anapita na pikipiki mpya, hamasa inarudi yenyewe.

Dalili ya kwanza niliipata bombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje? Na mwenzio?"

"Mwenzangu yupi, mama?"

Akatabasamu, akaangalia pembeni kistaarabu. "Haya. Ila mwezi huu utaleta elfu nne."

Nilidhani umeme umepanda. Siku mbili tatu baadaye akabisha hodi na sahani imefunikwa kawa: ndizi na nyama, laini, bila pilipili hata chembe, pembeni uma na kisu vimefungwa kwenye leso, na chupa ya maji. "Wenzetu matumbo yao mepesi," akaninong'oneza, akaondoka. Sikuelewa, lakini njaa ya masika haiulizi maswali. Nilikula, maji nikanywa, vyombo nikarudisha vimeoshwa. Akaangalia ile sahani iliyokwanguliwa, akasema, "Maskini, alikuwa na njaa kweli."

Kilichoniponza ni elimu. Mtoto wa chumba cha tano alikuwa kidato cha pili, na jirani zangu, badala ya kulala, walikuwa wakimweka koridoni usiku awatafsirie. Binti huyo alikuwa anaambulia neno hapa neno pale, mengine anajazia kwa juhudi zake. Usiku wa somo la pasipoti akawapa taarifa kamili: humo ndani mna mwanamke wa Kizungu, amepoteza pasipoti, anataka kupelekwa ubalozini, na mwanamume anamwambia atulie. Habari ikatoka uani, ikapita kwa mama wa vitumbua, na kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa soko la Mbuyuni, kwenye meza anayouzia nyanya mchumba wangu.

Mimi sina habari. Jioni ile niko somo linalofuata, kituo cha polisi. Askari anauliza begi lilikuwa na rangi gani, mume anajibu, mke anajibu, halafu mke anaanza kulia. Nimeshaambiwa nifuate kila kitu. Nikalia. Nililia vizuri, na kwikwi, na maneno katikati ya kwikwi. Mara taa ikazimika, LUKU imekwisha. Nikaendelea kulia gizani.

Mlango ulipigwa mpaka komeo likaruka.

Tochi usoni. Nyuma ya tochi mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, mgambo wawili na virungu, mama mwenye nyumba kajifunga khanga kifuani, wapangaji wote. Na pembeni, kakunja mikono, mchumba wangu, na mjomba wake ameshuka kutoka Kibosho na fimbo.

"Mtoe," akasema mwenyekiti.

"Nani, mzee?"

"Kijana, tusichoshane. Mtoe mgeni."

Mgambo mmoja tayari yuko chini ya kitanda, miguu tu inaonekana. Akatoka na viatu vya kupandia mlima, vya kike, vya zambarau. Akaingia tena, akatoka na jaketi la manyoya, la waridi, lina kofia. Korido nzima ikaguna.

Asiyejua maisha ya mlimani hawezi kulielewa hili. Wateja wakishuka, nguo nyingi hawarudi nazo kwao, wanawagawia wapagazi, na huchagui. Kule juu usiku barafu inakatika kwenye hema. Ukipewa la waridi unavaa la waridi na unashukuru.

"Vya nani hivi?"

"Vyangu."

"Na jaketi?"

"Langu, mzee. Huwa navaa."

Mjomba akamgeukia mpwa wake taratibu. Nadhani hapo alikuwa anatafuta ni jibu gani baya zaidi: kwamba nimeficha mwanamke, au kwamba hili jaketi kweli huwa navaa.

"Amepoteza pasipoti," akadakia yule mwanafunzi kutoka nyuma. "Alisema mwenyewe."

"Basi hili ni la Uhamiaji," akasema mwenyekiti.

Nikawaambia ni masomo, yako kwenye simu. Nikainua simu iwe shahidi. Imezima, chaji kwisha, na umeme hakuna. Mama mwenye nyumba akatikisa kichwa kama aliyetegemea uongo wenye akili zaidi.

Haikubaki njia. Nikasimama katikati ya chumba, tochi zote zikanimulika, nikaanza. Nikamweka askari, nikamweka mume, nikaingia puani nikamtoa mke. Hakuna mtu aliyepumua. Mwanafunzi akawa anafuatisha kwa midomo, macho yamemtoka. "Ndiyo," akasema. "Ndiye huyu. Ndiyo sauti yake."

"Na kulia?" akauliza mwenyekiti.

"Nako?"

"Tulisikia kilio. Hatuwezi kufunga jalada bila kilio."

Nikalia. Mgambo wa kwanza akaangusha kirungu. Wa pili akatoka nje, akaketi kwenye ngazi, mabega yanamtetemeka. Mchumba wangu alianza kwa kujikaza, akashindwa, akaishia kukaa chini sakafuni juu ya lile jaketi la waridi, anajifuta machozi. Mjomba peke yake hakucheka. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama mahari yaliyokwishapokewa yanaweza kurudishwa nusu.

Kesi ikageuka ya umeme. Mama mwenye nyumba alishikilia kwamba sauti ni mbili na yeye amelipwa ya mmoja. Mwenyekiti akawaza, akaamua: kichwa ni kimoja, sauti hazitozwi. Mama akadai basi alipwe ndizi zake. Mwenyekiti akaniuliza kama zilikuwa tamu. Nikasema sana. Akasema hilo wamalizane wenyewe, akaenda kulala.

Mchumba wangu alibaki nyuma kidogo. Akanirushia jaketi. "Hebu sikia," akasema, "hakuna mwanamke duniani anayelia hivyo. Umetudhalilisha. Hiyo sehemu ya mke kuanzia kesho nitaisema mimi."

Akaja kweli, akifunga meza sokoni. Tukagawana spika, sikio langu na sikio lake. Ana kichwa chepesi. Ndani ya muda mfupi akawa ananisahihisha, na yule mke wa somoni, akimsema yeye, anapopotelewa na kitu ana hasira kweli, si wa kulialia. Nami nimewahi kujibishana na mtalii kambini mpaka chai ikapoa, mwongozaji akaniangalia vibaya. Leseni bado naifukuzia.

Mwanzo alikuwa anaondoka kabla ya saa mbili, kwa kuheshimu sheria ya nyumba. Masomo yakawa marefu. Ikafika saa tatu, ikafika saa nne. Juzi mpangaji mpya wa chumba cha tatu alikwenda kulalamika kwamba chumba cha mpagazi kuna sauti ya mwanamke mpaka usiku mkubwa. Kwa kuwa dari hatuna, tulisikia jibu la mama mwenye nyumba neno kwa neno, mchumba wangu kaziba mdomo kwa mto.

"Ah, huyo mwache, mwanangu. Ni yeye mwenyewe anajigeuza sauti. Mwenyekiti alishakuja akahakikisha. Tena ameendelea mno siku hizi. Zamani ungejua tu ni mwanamume."