Udongo wa Rondo nao upimwe

Kampeni ya kingatiba ya matende na mabusha inapofika huku kwetu Lindi na Mtwara, tunameza ivamektini na wachache wanajua kwamba asili yake ni bakteria wa udongoni. Anaitwa Streptomyces avermitilis. Satoshi Ōmura alimpata kwenye udongo wa Kawana, Japani, na mwaka 2015 akawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel.

Ukisema na udongo wetu uchunguzwe kutafuta dawa, unaambiwa bakteria hao wapo kila mahali, wenzetu walishamaliza kuwachunguza. Sikubali, na vinasaba vyenyewe havikubali.

Jeni za kutengeneza dawa hukaa kwa makundi, zikifuatana kwenye kipande kimoja cha DNA, na kipande kizima kinaweza kuhamia kwa bakteria mwingine asiye hata ndugu wa karibu. Jeni ya jiosmini, ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapoanguka, wanayo karibu bakteria wote wa jenasi hiyo ya Streptomyces. Lakini jeni za streptomaisini, dawa ya kifua kikuu iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ni za wachache. Bakteria wawili wa spishi moja, mmoja anaweza kuwa nazo na mwenzake asiwe nazo. Tena nyingine zimelala tu, hazifanyi kazi: jenomu, yaani vinasaba vyote, ya Streptomyces coelicolor iliposomwa mwaka 2002, yalikutwa makundi ya jeni zaidi ya 20, mengi yakiwa ya kemikali ambazo maabara hazijawahi kuziona kwake, ingawa alikuwa amechunguzwa kwa miongo mingi.

Kwa hiyo jina la spishi peke yake halitoshi kuitupa sampuli. Ningeanzia msitu wa Rondo, hapa Lindi, kisha mikoko ya mlango wa Ruvuma, kisha chini ya mikorosho. Hapo kwenye mikorosho kuna haraka, maana salfa tunayopuliza kila msimu huongeza asidi ardhini, na Streptomyces wengi hawaipendi asidi.

Sharti langu ni moja. Kati ya 1909 na 1913, mifupa ya dinosaria wa kilima cha Tendaguru, hapa Lindi, ilibebwa mabegani mwa watu wetu hadi bandari ya Lindi, ikaenda Berlin, na iko huko mpaka leo. Safari hii, bakteria waoteshwe na jenomu zao zisomwe hapa nchini, na akiba ya kila mmoja ihifadhiwe hapa, kabla sampuli yoyote haijavuka mpaka.