Yogati ya dukani au ya tui: wanga uko kote kuwili

Ukigeuza kikopo cha yogati ya ladha na kusoma viungo, mara nyingi utakuta wanga uliorekebishwa, jelatini, rangi na kihifadhi E202. Wengi wakishaona hivyo huapa kutengeneza yao nyumbani, tena bila maziwa. Ni uamuzi mzuri, lakini lawama nyingi huangukia kiungo kisicho na kosa.

Wanga na pektini, kiungo cha kugandisha kitokanacho na matunda, huzuia maji yasijitenge kikopo kinapotikiswa njiani. Pia humwezesha mwenye kiwanda kutumia maziwa mepesi yakaonekana mazito. Hapo mnunuzi anapunjwa, hadhuriki. E202 huzuia ukungu, na kwa kiwango kinachoruhusiwa haina neno. Jelatini ni suala jingine: hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na kama kikopo hakisemi ni mnyama gani wala hakina alama ya halali, Mwislamu ana kila sababu ya kukiacha. Rangi ya njano E102 nayo, tangu 2010, Umoja wa Ulaya unataka iandikiwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Mtoto haihitaji rangi hiyo kwa lolote, basi asipewe.

Kinachonisumbua zaidi ni sukari. Maziwa yana sukari yake ya asili, gramu 4 hadi 5 kwa kila gramu 100. Yogati ya ladha mara nyingi hufika 12 na kupita. Yogati isiyotiwa ladha wala sukari, hata ikiwa ya dukani, inaondoa tatizo hilo bila kuwasha jiko.

Kuna wanaoacha maziwa kwa sababu tumbo hujaa gesi. Hao wajaribu kwanza yogati yenye bakteria hai, maana bakteria hao husaidia kuvunja laktosi, yaani ile sukari ya asili ya maziwa, na wengi huivumilia. Mwenye mzio wa protini ya maziwa hana njia hiyo. Yeye asitumie hata kijiko cha yogati ya kawaida kama mbegu ya kugandishia. Atumie kapsuli za bakteria zilizoandikwa kwamba hazina maziwa.

Tui la nazi ndilo hukimbiliwa kwanza, na hapo ndipo wanga unaporudi. Tui lina protini chache mno kuweza kuganda. Ukiliacha chachu ifanye kazi peke yake, mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini. Kwa nusu lita ya tui zito, koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga wa muhogo katika tui kidogo la baridi, mimina kwenye tui lililo jikoni, koroga hadi lichemke taratibu na kuwa zito. Lipoe hadi nyuzi 43, yaani tone likidondoka kwenye kifundo cha mkono liwe vuguvugu bila kuunguza. Tia kapsuli moja au mbili, funika ndani ya hotpoti saa 10 hadi 12. Likiwa bado moto sana, bakteria watakufa na utabaki na uji wa nazi.

Kwa anayetaka mbadala wa kweli wa maziwa, naona soya ni bora. Loweka gramu 150 usiku kucha, mwaga maji, chemsha dakika tano kabla ya kusaga. Hatua hii ndiyo huondoa ile harufu ya maharage mabichi, inayotokea soya ikisagwa baridi. Saga na lita moja ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, chemsha tena dakika 20 ukikoroga, maana hufura na kumwagika ghafla. Ongeza kijiko cha sukari cha kulisha bakteria, poza, tia mbegu, acha saa nane bila kutikisa. Protini yake huganda yenyewe asidi ikiongezeka, bila wanga.

Usafi si jambo la kupuuza. Mwaka 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe iliyotengenezwa na unga wa mahindi ulioingiwa na bakteria wanaotoa sumu ya asidi ya bongkreki. Nchini Indonesia sumu hiyo hiyo iliua watu kupitia nazi iliyochachushwa. Kuchemsha hakuiondoi, bakteria wake huzuiwa na uchachu unaokuja haraka. Kwa hiyo tumia nazi isiyo na doa wala harufu, na mbegu yenye nguvu. Tui ambalo saa 12 zimepita halijachachuka, au limeota rangi ya waridi au njano, limwagwe bila kuonjwa.

Kasoro ya mbadala hizi mbili ni kalsiamu. Yogati ya maziwa ina takriban miligramu 120 kwa gramu 100. Tui na soya ya nyumbani ziko chini sana. Mtoto aliyeachishwa maziwa apewe dagaa wanaoliwa na mifupa yao, au soya ya dukani iliyoongezwa kalsiamu, ambayo nayo ni kiungo cha kiwandani.