Watawala wa Anga: Wagnostiki Walipatia Wapi, Walikosea Wapi

Aliyezoea mikesha ya maombi anaujua kwa moyo mstari wa Waefeso 6:12: "kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama, bali ni juu ya falme na mamlaka". Maneno hayo ya Paulo ndiyo yanayotajwa mwanzoni mwa andiko la Kikopti kuhusu watawala wa ulimwengu, moja kati ya maandiko mengi yaliyofukuliwa mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, Misri. Ni andiko la Wagnostiki, watu wa karne za kwanza za Ukristo waliofundisha kwamba roho huokolewa kwa maarifa ya siri. Ila mwandishi wake anayapeleka mbali. Kwake, wakuu hao wa giza ndio mafundi wa dunia tunayoikanyaga. Mkubwa wao anatamka yale ambayo Isaya 45:5 inayaweka kinywani mwa Mungu wa Israeli, kwamba hapana mungu mwingine zaidi yake, na sauti kutoka juu inamjibu: Umekosea, Samaeli, yaani mungu wa vipofu.

Simulizi kamili zaidi imo katika andiko lao jingine, Kitabu cha Siri cha Yohana. Sophia, yaani Hekima, anazaa bila ridhaa ya Roho wa juu. Anayezaliwa ni Yaldabaoth, yuleyule mkubwa wa watawala, nyoka mwenye uso wa simba, ambaye naye anajizalishia watawala, saba kati yao wakiwekwa juu ya mbingu saba. Kisha wanamuumba Adamu. Nakala ndefu inataja malaika mmoja mmoja na kiungo alichotengeneza: Asterekhme jicho la kulia, Thaspomokha la kushoto, Bisoum sikio la kushoto, na kuendelea. Kazi yote hiyo, na mwili umelala tu, haujongei. Yaldabaoth anapodanganywa ampulizie, nguvu aliyoichukua kwa mama yake inamtoka na kuingia kwa Adamu. Adamu anasimama, anang'aa, anawazidi akili walioumba mwili wake. Nao kwa wivu wanamtupa chini kabisa kwenye maada.

Askofu Irenei wa Lyon aliyapinga mafundisho ya aina hii mnamo mwaka 180, na hoja yake bado ina uzito. Ikiwa Muumba ni mjinga, mkate na divai tunavyomtolea Mungu ni mali ya nani? Na mwili utafufuliwa kwa sababu gani? Plotinus, mwanafalsafa wa Roma ambaye hata Mkristo hakuwa, naye aliwashambulia katika karne ya 3: wanaudharau ulimwengu, wanasema "mtazame Mungu", lakini hawafundishi jinsi ya kuishi kwa wema.

Mimi naongeza shtaka la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Wayahudi walikuwa na Maandiko yao. Wagnostiki wakayachukua, wakabakiza hadithi, wakamgeuza Mungu wao kuwa dhalimu kipofu. Wako wataalamu wanaoamini waandishi wenyewe walitoka karibu na Uyahudi. Hata hivyo uchungu wa jambo lenyewe haupungui.

Lakini tuwatendee haki. Kwa karne nyingi walijulikana hasa kupitia vinywa vya wapinzani wao. Ukisoma maandiko yao unamkuta Sabaothi, mwana wa Yaldabaoth, akitubu, akimlaani baba yake na kupandishwa kutawala mbingu ya saba. Ptolemaeus, mfuasi wa mwalimu wa Kignostiki Valentinus, anamwandikia mwanamke aitwaye Flora kwamba mtoa Sheria ya Musa si Mungu mkamilifu wala si Ibilisi. Yuko kati, naye ni mwenye haki. Huwezi kusema wote walimchukia Muumba.

Na swali lao lilikuwa la kweli. Walikataa kumbebesha Mungu mwema lawama ya mateso, na walikataa pia kumtupia binadamu mzigo wote. Katika Ufunuo wa Kwanza wa Yakobo, andiko jingine la Nag Hammadi, Yesu anamfundisha Yakobo la kujibu atakapokutana na watoza ushuru wa mbinguni wanaonyang'anya roho: yeye ni mwana, ametoka kwa Baba. Aliyeandika hivyo alijua vizuri kusimamishwa njiani na mtu mwenye mamlaka lakini asiye na haki.

Hapohapo ndipo ninapoachana nao. Yakobo akijua jibu anapita. Kizuizi kinabaki, na anayefuata nyuma bila jibu ananaswa. Ni kweli baadhi ya maandiko yanatabiri mwisho wa watawala hao. Kabla ya siku hiyo, mwenye maarifa ana wajibu gani kwa aliyekwama? Simulizi za watawala hazisemi mengi. Anayesema wazi ni mwandishi wa Injili ya Kweli, iliyopatikana palepale Nag Hammadi: wainueni waliojikwaa, wanyosheeni mikono wagonjwa, walisheni wenye njaa. Humo Yaldabaoth hatajwi kabisa. Adui ni Upotovu, na unatoweka watu wanapomjua Baba. Kwa maoni yangu hilo si bahati tu: pale watawala wa anga walipopungua, jirani alipata nafasi ya kuonekana.