Jukwaa Halikuniharibu

"Unaigiza sana." Mwigizaji wa jukwaani akikanyaga lokesheni, hilo ndilo la kwanza kuambiwa. Mimi niliambiwa Dar, na prodyuza aliyeniita niwe mlinzi wa getini. Nilisubiri siku tatu kwa sini mbili, nikapewa nauli ya kurudi Moshi, na filamu ilipotoka sini zenyewe hazimo.

Kwa hilo neno lake, hata hivyo, hakukosea. Sikupita chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo. Shule yangu ni kikundi kilichokuwa kinazunguka na maigizo ya malaria na UKIMWI, leo sokoni, kesho shuleni. Kiboriloni siku ya soko unashindana na muuza mitumba mwenye spika. Usipopaza sauti mpaka mama wa ndizi aliye mwisho kabisa akusikie, huna watazamaji. Kamera haitaki hayo. Nilipojirekodi kwa simu mara ya kwanza, nyusi zilikuwa zinapanda kama za mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Wiki mbili nzima nilijirekodi nakunywa chai tu, mpaka uso ukatulia.

Ubaya wa jukwaa uliishia hapo. Sheria ya mwaka 1976, ile inayokudai kibali kabla ya kupiga picha na ukaguzi kabla ya kuonyesha, inaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Serikali iliviweka vyote viwili, filamu na jukwaa, kapu moja, sisi ndio tukavitenganisha, na katika kugawana tukayaacha mazoezi upande wa jukwaa. Nimeona lokesheni ambako mwigizaji anaelezwa sini asubuhi hiyohiyo: "Hapa umemfumania mumeo, haya, maneno utajua mwenyewe." Ukiuliza, unaambiwa hela hakuna. Sasa si ndiyo sababu ya kufanya mazoezi? Mwenye hela ndiye anayeweza kurudia sini mara ishirini.

Filamu yetu ni ya dakika 38, ndugu wawili wanagombania kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoacha baba yao. Tulifanya mazoezi kila jioni kwa wiki sita, uani kwa shangazi yangu Old Moshi, na gharama ilikuwa ndizi na chai. (Shangazi mwisho alikuwa anawasahihisha mistari kutoka jikoni.) Picha tulipiga siku nne tu, maana kamera ya kukodi inahesabiwa kwa siku. Kaka mkubwa aliigizwa na fundi cherehani tuliyezunguka naye masokoni miaka yote. Katikati ya sini ya matusi bodaboda ikapita barabarani. Hakukatisha, wala hakuitazama kamera. Alinyamaza, akamkazia macho mdogo wake mpaka mlio ukaishilia kule bondeni, ndipo akasema mstari wake, taratibu. Kipande hicho kinaizidi filamu yote iliyobaki. Nani angemfundisha hilo kama si wale mbuzi waliokuwa wanatukatizia maigizo sokoni?

Mlima ndio uliotushinda. Saa moja asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa wazi juu ya migomba, theluji yote unaiona. Kufika saa nne, mita 5,895 zote zimemezwa na wingu. Sini moja tuliianza mlima upo, tukaimaliza haupo, na siku ya kamera ilikuwa imekwisha. Nikajifariji: watu wanatukanana namna ile, nani atahangaika na mlima?

Tuliionyesha kwenye kibanda umiza Pasua, mwenye banda akatupa nafasi kabla ya mechi. Mabenchi yamejaa, ingawa najua wengi walifuata mpira. Fundi wangu aliponyamaza kuisubiri bodaboda, banda zima likanyamaza naye, hata muuza karanga akasimama. Nikaanza kupumua.

Sauti ikatoka nyuma kabisa: "Mangi, na ule mlima mmeupeleka wapi?"