Mtoto aliyechapwa kwa kutii

Jumapili iliyopita, nyumbani kwa kaka yangu Tabata, nilishuhudia mtoto wa miaka 10 akichapwa kwa kosa la kutii. Mama yake alikuwa uani anafua, simu ikaita sebuleni, mtoto akapokea. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni mwalimu anayewaingiza wazazi kwenye kundi jipya la WhatsApp la darasa, akasema kuna ujumbe umeingia wenye tarakimu 6, hebu amsomee. Mtoto alimwamkia, akazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti ile ya kujibu darasani, kisha akashukuru. Kumbe tarakimu hizo ndizo WhatsApp hutuma kumfungulia mwenye namba akaunti yake kwenye simu nyingine. Nguo hazijaanikwa, kundi la ukoo likawa linaombwa, kwa jina la mama, shilingi 200,000 za dharura ya hospitali, "nitarudisha jioni". Shangazi wa Morogoro, ambaye ndugu akiumwa hana maswali, akatuma.

Mtoto alisimulia yote bila kuficha, akachapwa, na fimbo ilifuatwa na swali lililonikera kuliko utapeli wenyewe: "Nani alikuambia uguse simu?" Ni sisi tuliomwambia. Ni mtoto huyohuyo anayeitwa kila siku, "Njoo, sina miwani, niwekee namba ya siri nimtumie mtu wa maji," na namba hiyo, ambayo ni mwaka aliozaliwa mama, anaijua yeye, anaijua dada wa kazi, na nina hakika anaijua wakala wa pale kona, kwa sababu hutajwa dirishani kwa sauti mbele ya foleni nzima. Halafu tunashangaa mtoto hajui maana ya siri.

Ninakiri, kwa shingo upande, kwamba kijana huyu si malaika, na salio la mama yake limewahi kuyeyukia kwenye bando za michezo. Lakini safari hii alifanya hasa kile tulichomlea akifanye. Tumemfundisha kwamba mkubwa akiagiza haulizwi, na kwamba kumkatalia mwalimu ni utovu wa adabu. Tapeli alilijua hilo, ndiyo maana hakujiita fundi simu. Kwa hiyo somo la kwanza la usalama mtandaoni, kabla ya habari za virusi na nywila ndefu, ni ruhusa ya kumwambia mtu mzima yeyote, hata mwalimu mkuu halisi, "Subiri nimwite mama," na kukata simu bila kuogopa.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mtoto aliyechapwa kwa kusema ukweli akiwa na miaka 10, atasema nini akiwa na 13, pale mtu asiyemjua waliyekutana kwenye mchezo atakapomwomba picha, kisha akamtishia kuisambaza? Atanyamaza, atatii tena, atatuma nyingine, na sisi tutakuwa sebuleni tunatazama taarifa ya habari. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ipo na ni bure, lakini afadhali zaidi angekuwa na mtu wa kumwambia ndani ya nyumba hiyohiyo.

Namba ya tapeli tuliiripoti 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu. Mama naye aliisajili upya laini yake kwenye WhatsApp, tapeli akatolewa, ila alikuwa ameshaweka namba yake ya uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huiuliza baada ya zile tarakimu 6, hivyo mwenye akaunti anasubiri siku 7 kuingia kwenye mali yake. Kufuli lile lile ambalo nilimsihi aliweke tangu mwaka jana, akaniambia linachosha, mwizi hakuliona linachosha.

Jioni nilikaa na kijana tukafanya mazoezi. Nilitoka barazani nikapiga simu ya mama yake nikiwa daktari, akasita, akakata. Nikapiga nikiwa mwalimu. Akakata upesi zaidi. Mara ya tatu niliacha maigizo, nikasema kwa sauti yangu, "Mimi baba yako mdogo, nisomee hizo tarakimu haraka," na jina langu liko kwenye kioo analiona. Akanikatia.

Mama yake, aliyekuwa mlangoni, alinitazama kwa masikitiko. "Shemeji, sasa mtoto unamfundisha kiburi."